Dawa ya Kuachia Taratibu: Ulipie Lini, Uache Lini

Mwenye kisukari anapopeleka cheti chake cha metformini famasi, mara nyingi huulizwa: ya kawaida au XR, yaani ya kuachia taratibu? Maboksi mawili huwekwa juu ya kaunta. Dawa ni ileile, miligramu ni zilezile, bei hazilingani. Mwenye vidonda vya tumbo hukutana na uamuzi wa namna hiyo anaponunua omeprazoli, na anayejidunga insulini hukutana nao kwa gharama kubwa zaidi. Katika hali zote tatu, kile unachoongezewa bei si dawa yenyewe. Unauziwa muda: saa ambayo dawa itaachiliwa, sehemu ya mwili itakapoachiliwa, na kasi yake.

Muda huo una thamani kubwa kwa mgonjwa anayeuhitaji, na hauna thamani yoyote kwa asiyeuhitaji. Katika nyumba nyingi fedha ya dawa hutoka mfuko mmoja na ada ya shule na nauli, kwa hiyo si haki mgonjwa aachwe achague kwa kukisia kwamba cha bei kubwa ndicho bora. Makala hii inalinganisha dawa hizo tatu ili ujue pa kulipa na pa kuokoa. Kubadilisha aina au dozi ni jambo la kuamua pamoja na daktari wako, lakini ukiingia chumbani kwake unajua unachouliza, mazungumzo huenda mbali zaidi.

Kilichomo ndani ya kidonge

Kidonge cha kawaida kikifika tumboni huvunjika na kumwaga dawa yote kwa muda mfupi. Kidonge cha XR kimechanganywa na polima inayopenda maji, mara nyingi ile iitwayo haipromelosi, ambayo hutengenezwa kutokana na selulosi ya mimea. Maji ya tumboni yakiigusa, polima hiyo huvimba na kuwa haidrojeli, yaani ute mzito ulioshika maji mengi. Aliyewahi kunywa faluda Mombasa au Unguja ameliona jambo hili katika zile mbegu ndogo nyeusi, ambazo zikilowa hujivika ute pande zote. Ndani ya kidonge, dawa hulazimika kupenya ute wa namna hiyo kidogo kidogo kwa saa kadhaa.

Sayansi hii ina umri. Otto Wichterle na Drahoslav Lím, wanakemia wa Prague, walichapisha mwaka 1960 maelezo ya jeli zenye maji zinazoweza kutumika mwilini, na kazi hiyo ikazaa lenzi laini za macho. Baadaye zikaja polima zinazoitikia mabadiliko mengine: zipo zinazoitikia asidi, zinazoitikia joto, na hata zinazoitikia sukari. Wataalamu huzifinyanga kuwa chembe ndogo, nyingine zisizoonekana kwa macho, kila chembe ikibeba sehemu yake ya dawa na kusubiri ishara ya kuiachia. Nyingi bado ziko maabara. Zilizokwisha kuenea famasi ni zile zinazoitikia maji na zile zinazoitikia asidi, na hizo ndizo unazolipia leo.

Metformini: ya kawaida au XR?

Tuanze na yanayofanana. Kwa dozi ileile ya siku, metformini ya kawaida na ya XR hushusha sukari kwa kiasi kinachokaribiana. Anayekuambia XR ni kali zaidi anakosea. Ukiimeza ya kawaida, kiwango cha dawa kwenye damu hufika kileleni baada ya saa mbili na nusu hivi. Cha XR hufika baada ya saa 7 hivi. Kwa sababu hiyo ya kawaida humezwa mara 2 au 3 kwa siku pamoja na chakula, na XR mara moja, kwa kawaida na chakula cha jioni.

Faida ya kweli ya XR iko katika mambo mawili. La kwanza ni tumbo. Metformini ya kawaida huwaletea baadhi ya watu kichefuchefu, gesi na kuharisha, na wengi wao hupata nafuu wakihamia XR. La pili ni kumbukumbu: dozi ya mchana ndiyo inayosahaulika, hasa kwa dereva, mwalimu au mama muuzaji sokoni asiyekula saa za kudumu. Katika mwezi wa Ramadhani pia, kumeza mara moja wakati wa futari kunampunguzia mfungaji usumbufu.

Kuna kosa moja la hesabu linalowagharimu watu. Wengi hudhani kidonge kimoja cha XR kinachukua nafasi ya vitatu vya kawaida. Sivyo. Kinachopungua ni idadi ya nyakati za kumeza. Miligramu za siku hubaki vilevile. Aliyekuwa akimeza miligramu 500 mara 3 hupewa XR ya miligramu 1,500 kwa siku, yaani vidonge 3 vya 500 kwa pamoja au 2 vya 750. Kwa hiyo usilinganishe bei ya boksi kwa boksi, linganisha gharama ya siku moja.

Chukua bei za kubuni, kwa ajili ya hesabu tu. Kidonge cha kawaida cha miligramu 500 kiwe shilingi 100, na cha XR kiwe shilingi 250. Vidonge 3 kwa siku ni shilingi 300 dhidi ya 750. Kwa siku 30 ni shilingi 9,000 dhidi ya 22,500. Tofauti ya 13,500 kila mwezi ni 162,000 kwa mwaka, fedha ambayo ingeweza kununua vipande vya kupimia sukari. Weka bei za mtaani kwako mahali pa hizo zangu, kisha ujiulize: tumbo langu linasumbuliwa? Dozi ya mchana huniponyoka? Kama jibu la yote mawili ni hapana, ya kawaida inakutosha. Kama ni ndiyo, XR ni fedha iliyotumika vizuri, kwa sababu dawa ya bei nafuu inayobaki kabatini haimtibu mtu. Kabla ya kukata tamaa na ya kawaida, hakikisha ulianza na dozi ndogo, ikaongezwa wiki kwa wiki, na kila mara ukaimeza na chakula. Matumbo mengi huizoea.

Yako mambo mengine ya kujua. Ganda la kidonge cha XR linaweza kutoka chooni likiwa laini na bado lina umbo la kidonge. Dawa imekwisha kutoka, lililobaki ni polima, kwa hiyo usimeze kingine. XR pia si kimbilio la mwenye figo dhaifu: kipimo cha uchujaji wa figo (eGFR) kikiwa chini ya 30, metformini ya aina yoyote haifai. Na teknolojia ya kuachia taratibu si ngao dhidi ya dosari za kiwandani. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizitaka kampuni 5 ziondoe sokoni baadhi ya metformini za XR zilizokutwa na kiwango kisichokubalika cha NDMA, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani. Metformini ya kawaida haikuguswa na agizo hilo.

Atakayekuambia kwamba XR ni ghali kwa sababu ni vigumu kuitengeneza, mkumbushe Glumetza. Hiki ni kidonge cha metformini kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2005, ambacho huvimba na kukaa tumboni kwa muda mrefu. Mwaka 2015, baada ya kupata umiliki wake, kampuni ya Valeant ilipandisha bei yake kwa zaidi ya asilimia 800. Metformini iliyomo haikubadilika, wala namna ya kuvimba. Nchini humohumo metformini nyingine ya kuachia taratibu, isiyo na jina kubwa, ilikuwa ikiuzwa kwa dola chache kwa mwezi. Bei ilifuata nguvu ya muuzaji sokoni. Ndiyo maana unapoandikiwa jina la kibiashara, ni haki yako kumuuliza mfamasia kama kuna jenerika yenye muundo uleule.

Omeprazoli: hapa hakuna anasa

Kwa omeprazoli mambo hugeuka. Dawa hii huharibiwa na asidi ileile inayotumwa kuipunguza. Ndiyo maana kapsuli nyingi zimejazwa chembe ndogo za duara, kila moja ikiwa na koti la polima linalostahimili asidi. Tumboni koti hubaki. Chembe zikivuka hadi utumbo mdogo, ambako asidi imepungua na kipimo cha pH kimepita kama 5.5, koti huyeyuka, dawa huingia kwenye damu na kurudi kufanya kazi kwenye kuta za tumbo. Bila koti au kinga nyingine dhidi ya asidi, umenunua unga usiofaa.

Kwa hiyo swali la kuulipia muda halipo, kwa kuwa omeprazoli za kapsuli zote zimejengwa kwa wazo hilo. Unacholinganisha ni ubora wa koti na hali ya uhifadhi. Usikubali kapsuli zilizomwagwa kwenye bahasha au kopo lililokaa wazi, kwa sababu unyevu huziharibu, na miji yetu ya pwani haina uhaba wa unyevu. Chukua zilizo kwenye pakiti zake. Ukifungua kapsuli ukakuta chembe zimegeuka kahawia au zambarau, irudishe. Omeprazoli iliyoharibika hubadilika rangi.

Kwenye rafu hiyohiyo utaona esomeprazoli, mara nyingi kwa bei ya juu. Ni moja ya maumbo mawili ya molekuli ya omeprazoli, yaliyo kama kitu na taswira yake kwenye kioo, na Nexium, jina lake la kwanza, iliingia soko la Marekani mwaka 2001 wakati hataza ya omeprazoli ilipokuwa ikielekea kuisha. Kwa kiungulia cha kawaida, ukilinganisha dozi zinazolingana, tofauti kati yao ni ndogo. Kama daktari hakukupa sababu maalumu, anza na omeprazoli.

Matumizi mazuri ndiyo yatakayokupa thamani ya fedha yako. Imeze kama nusu saa kabla ya kula. Usitafune wala kusaga chembe. Asiyeweza kumeza kapsuli anaweza kuifungua, akachanganya chembe na juisi ya matunda au maji yasiyo na gesi, akanywa ndani ya nusu saa. Maziwa na soda havifai. Na kama unanunua omeprazoli mwezi baada ya mwezi bila kupimwa, simama kidogo. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye H. pylori, ambaye huondolewa kwa antibiotiki zikitumiwa pamoja na dawa ya aina hii. Kipimo kimoja na tiba ya wiki mbili vinaweza kukuondolea gharama ya miaka. Mweleze anayekupima kwamba umekuwa ukitumia omeprazoli, kwani kwa vipimo vya pumzi na choo huhitajika kuiacha wiki 2 kabla.

Insulini: uamuzi mzito kuliko yote

Insulini ya NPH, iliyobuniwa katika maabara ya Hans Christian Hagedorn nchini Denmaki mwaka 1946, ni insulini iliyofungwa na protini iitwayo protamini ikawa fuwele ndogo zinazoelea kwenye maji. Ndiyo sababu chupa yake ina ukungu, na lazima uizungushe polepole viganjani kabla ya kuvuta dozi. Inapatikana peke yake au ndani ya mchanganyiko wa 30/70 unaotumiwa na wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki. Insulini ya glajini, ambayo kwenye boksi huandikwa glargine na iliidhinishwa Marekani mwaka 2000 kwa jina la Lantus, ni maji maangavu yenye asidi ya pH 4. Ikiingia chini ya ngozi, ambako asidi hiyo haipo, huganda hapohapo kuwa chembe ndogo, kisha chembe hizo huachia insulini kwa karibu saa 24. Mazingira ya mwili ndiyo yanayoitengeneza ghala. Kwa sababu hiyo haichanganywi na insulini nyingine kwenye bomba moja la sindano.

Tofauti ya muda ni hii. NPH ina kilele, kati ya saa 4 na saa 10 baada ya kudungwa. Ukijidunga saa 3 usiku, kilele huangukia kati ya saa 7 usiku na saa 1 asubuhi, wakati umelala na tumbo ni tupu. Glajini haina kilele kinachojitokeza sana, na katika majaribio imeonekana kupunguza visa vya sukari kushuka usiku.

Je, faida hiyo humfikia kila mtu? Mwaka 2018 jarida la JAMA lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 25,000 wa kisukari aina ya pili wa kaskazini mwa California. Walioanza na insulini za kisasa za aina ya glajini hawakufikishwa hospitali kwa sukari kushuka mara chache kuliko walioanza na NPH, wala sukari yao haikudhibitiwa vizuri zaidi. Kwa hiyo mwenye kisukari aina ya pili ambaye usiku wake ni mtulivu hana sababu ya kuona NPH ni dawa ya wanyonge. Lakini mwenye aina ya kwanza, mtoto, mzee anayeishi peke yake, na yeyote aliyewahi kuzirai usiku kwa sukari kushuka, hao wana hoja nzito ya kuomba glajini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza insulini hizo za muda mrefu katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kuhusu bei, watafiti walioandika katika BMJ Global Health mwaka 2018 walikadiria kwamba, kwa gharama halisi za uzalishaji pamoja na faida, matibabu ya mwaka mzima yangeweza kugharimu dola zisizozidi 72 kwa insulini ya binadamu, ambayo NPH ni mojawapo, na dola zisizozidi 133 kwa hizi za kisasa. Basi glajini ingestahili kuzidi, lakini si kwa mara nyingi. Ukikuta bei ya glajini ni mara nne au tano ya NPH kwa kila yuniti, jua kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo haitokani na kiwanda.

Linganisha kwa yuniti. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Kalamu ya mililita 3 ina yuniti 300. Anayetumia yuniti 40 kwa siku humaliza chupa kwa siku 25, na mara nyingi chupa ndiyo humpunguzia gharama. Anayetumia yuniti 20 ana hesabu nyingine. Insulini nyingi zikishafunguliwa hazipaswi kuzidi siku 28, na kwa siku hizo atatumia yuniti 560 tu, kisha 440 zitamwagwa. Kwake kalamu 2 zinaweza kuwa nafuu kuliko chupa ijapokuwa bei ya kila yuniti iko juu, ingawa ukihesabu yuniti 2 za kujaribia sindano kila mara hazitafikisha siku 28 kamili. Ongeza pia bei ya sindano zenyewe: NPH mara nyingi hudungwa mara 2 kwa siku, glajini mara moja.

Gharama ya friji nayo imewatisha wengi kupita kiasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na wa Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya, kisha wakaiweka insulini maabara katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo waliyochapisha mwaka 2021 yalionyesha kwamba baada ya wiki 4 nguvu yake haikutofautiana na ile iliyokaa baridini. Chupa isiyofunguliwa bado inastahili friji. Inayotumika inaweza kukaa kivulini, kwenye chombo cha udongo kilicholoweshwa, mbali na jua, na kamwe isigande.

Usilipie ahadi

Huenda ukasikia habari za insulini inayojiwasha sukari ikipanda na kujizima ikishuka. Kazi hiyo ni ya kweli. Oktoba 2024 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya molekuli ya namna hiyo kwa panya na nguruwe, na chembe za haidrojeli zinazohisi sukari zinafanyiwa utafiti katika nchi nyingi. Ni matumaini yanayostahili kufuatiliwa. Lakini kutoka kwa nguruwe hadi kaunta ya famasi ni safari ndefu, na atakayekuuzia dawa ya namna hiyo leo mtandaoni anakuibia.

Maswali matano kabla ya kulipa

1. Muda huu wa ziada unatatua tatizo gani nililonalo? Kama hakuna, chukua ya kawaida.

2. Kwa siku moja itanigharimu kiasi gani, ukihesabu miligramu au yuniti zote, sindano na kinachomwagwa?

3. Kuna jenerika yenye muundo uleule, iliyosajiliwa na mamlaka ya dawa, yaani TMDA kwa Tanzania au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya? Herufi XR, SR na ER zote humaanisha kuachia taratibu, lakini vidonge vya watengenezaji tofauti havijengwi sawa, kwa hiyo ukibadilisha pima sukari au presha kwa ukaribu zaidi.

4. Bima yangu inalipia ipi? Wakati mwingine ya kawaida imo kwenye orodha na XR haimo, na hilo ni bora ulijue kabla cheti hakijaandikwa.

5. Naweza kuimeza nzima? Kidonge cha kuachia taratibu hakisagwi wala hakitafunwi, na hakikatwi isipokuwa maelezo ya pakiti yanaruhusu. Ukikisaga unameza dozi ya siku nzima kwa mpigo. Kwa dawa ya presha kama nifedipini ya kuachia taratibu, kosa hilo linaweza kuiporomosha presha hadi hatarini. Asiyeweza kumeza kidonge kizima anunue ya kawaida na agawanye dozi zake. Atalipa kidogo na atakuwa salama zaidi.

Kwa muhtasari: metformini, anza na ya kawaida, uhamie XR tumbo likikataa au dozi za mchana zikikuponyoka. Omeprazoli, nunua jenerika iliyofungwa vizuri, uimeze kabla ya kula, na upimwe badala ya kuizoea. Insulini, NPH inatosha wengi wenye aina ya pili, na glajini wapewe kwanza wale ambao usiku wao ni wa hatari. Hilo la mwisho halipaswi kumwelemea mgonjwa peke yake. Wanaonunua dawa kwa niaba yetu, katika bohari za serikali na katika mifuko ya bima, ndio wenye uwezo wa kushusha bei ya glajini kwa kununua kwa wingi na kwa ushindani. Mtoto mwenye kisukari asikose usiku salama kwa sababu ya tofauti ya bei isiyotokana na kiwanda.